Kurasa Hamsini Baadaye

Julai 30, 2007. Zilikuwa zimepita siku tisa tangu kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi za mvulana mchawi Harry Potter kiingie madukani, na mwandishi wake, J. K. Rowling, alikuwa mtandaoni akijibu maswali ya wasomaji wake papo kwa papo. Mengi yalikuwa yale yanayotarajiwa: nani alipata kazi gani, nani alimwoa nani, yule aliyefiwa na pacha wake anaendeleaje.

Kisha likaingia swali moja fupi. Mwulizaji alitaka kujua kama ni kweli Hermione, rafiki wa Harry, aliwafanyia wazazi wake uganga wa kufuta kumbukumbu. Kitabuni Hermione anasema amewafanyia, halafu kurasa kama hamsini mbele anamwambia rafiki yao Ron kwamba hajawahi kuufanya uganga huo.

Kurasa hamsini.

Toleo la Uingereza lina kurasa 607. Msomaji huyu alikimaliza kitabu ndani ya siku tisa, pengine akikimbizana na wenzake wasije wakamtobolea mwisho, na katika mbio hizo bado akaishika sentensi ya sura ya sita mpaka ikagongana na ya sura ya tisa. Hakuomba hadithi ya ziada. Alikuwa anakagua mshono.

Rowling alijibu kwamba ni uganga wa aina mbili. Wazazi hawakufutwa kumbukumbu. Walirogwa wakaamini kuwa wao ni watu wengine. Waliofutwa ni wale wafuasi wawili wa Voldemort, mchawi mwovu wa hadithi hizi, walioshindwa mgahawani. Swali likafungwa, likaja jingine.

Kwa wiki kadhaa sasa, swali hilo na jibu lake havijaniacha.

Mpango au kiraka?

Jibu lenyewe linashika. Ukirudi kitabuni, wazazi wale wamepewa majina mapya na hamu ya kuhamia Australia, jambo ambalo ni zaidi ya kusahau. Lakini Hermione anaposimulia anasema ameibadilisha kumbukumbu yao, kwa hiyo msomaji mkaidi bado ana pa kusimama.

Kinachonisumbua ni hiki: ukiwa nje huwezi kujua kama jibu lile lilikuwamo kichwani mwa mwandishi tangu anaandika sura ya sita, au lilizaliwa dakika ileile, vidole vikiwa juu ya kibodi. Fundi hodari akishona kiraka kwa uzi wa rangi ya kitambaa, hata mwenye nguo hakioni.

Nilianza kwa kudhani kwamba haijalishi. Mwandishi ndiye mwenye nyumba, akisema mlango uko hapa, basi uko hapa.

Sasa sidhani hivyo tena, na sababu ni watoto.

Mtu mzima akisikia jibu la mwandishi hulipima. Mtoto wa miaka kumi na moja hulichukua akalihifadhi, akaenda nalo shule, akabishana nalo, na pengine akalitumia kuamua kama na yeye ana akili ya kutunga. Akiamini kwamba mwandishi alipanga kila kitu mapema, mpaka tofauti ya uganga mmoja na mwingine, atajitazama yeye na daftari lake lenye sura mbili zisizopatana na atasema kazi hii si ya watu kama mimi. Akijua kwamba hata waandishi wakubwa hushona viraka, ataendelea kuandika.

Kwa hiyo naona kila jibu la mwandishi kwa msomaji mdogo lije na chanzo chake, na lugha ya kulisemea hilo ni rahisi. "Hilo limo kitabuni, sura ya sita." "Hilo lilikuwa kwenye daftari langu, halikuingia kitabuni." "Hilo nimelifikiria sasa hivi ulipouliza." Ni maneno matano au sita yanayotangulia jibu. Hayapunguzi utamu hata kidogo, na ile sentensi ya tatu ndiyo inayomfanya mtoto aruke kwenye kiti, maana maana yake ni kwamba swali lake limeongeza kitu kwenye ulimwengu ule.

Elfu moja, au mia mbili na themanini

Katika mazungumzo mengine ya mtandaoni, mwaka 2000, Rowling aliulizwa Hogwarts, shule ya uchawi anayosoma Harry, ina wanafunzi wangapi. Akasema kama elfu moja.

Ni swali jepesi na jibu jepesi, kisha wasomaji wakatoa penseli. Bweni la Harry lina wavulana watano wa mwaka wake: Harry, Ron, Neville, Dean na Seamus. Weka wasichana watano, unapata kumi. Wanafunzi wamegawanywa katika nyumba nne, wamekuwa arobaini. Miaka ya masomo ni saba. Arobaini mara saba ni 280.

Pengo la watu 720 halizibiki kwa kusema "takriban".

Ubishi huo umeendelea kwa miaka mingi, na chanzo chake ni jibu ambalo huenda halikuchukua hata nusu dakika. Nadhani lingekuja na chanzo, tuseme "sijahesabu, lakini nikiifikiria naiona shule ya kama elfu moja," wasomaji wangelicheka na kulisamehe siku hiyohiyo.

Anayejiandaa kuzungumza na wasomaji wa fantasia na aliandae hili kabla ya jambo lingine lolote: karatasi moja, pande mbili, iwe mezani mkono wa kushoto. Upande wa kwanza uwe na umri wa kila mhusika katika kila kitabu, idadi za watu, umbali kati ya miji na muda wa kusafiri, na matamshi ya majina. Upande wa pili uwe na sheria za uchawi: nani anaweza, nani hawezi, unagharimu nini, unashindwa lini. Kama kuna sarafu, andika viwango vyake kwa hesabu. Katika vitabu vya Harry Potter, Galleon moja ni Sickle 17, na Sickle moja ni Knut 29, hivyo Galleon ni Knut 493. Mtu mzima huzipita namba hizo kama mapambo, ilhali mtoto huzitumia kukagua bei za vitu sura kwa sura.

Farasi akitoka mlimani alfajiri na kufika pwani machweo katika kitabu cha kwanza, na kitabu cha pili safari hiyohiyo ichukue siku tatu, utaulizwa. Ama farasi alikuwa mgonjwa, ama umekosea.

Siri isiyojificha

Katika mazungumzo yaleyale ya Julai 2007, Rowling aliombwa ajiulize mwenyewe swali ambalo angependa kulijibu. Akasema alikuwa akishangaa siku zote kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza fimbo ya uchawi ya Dumbledore, mwalimu mkuu wa Hogwarts, ilitengenezwa kwa mti gani. Na hakuweza kulisema hilo hata alipoulizwa huko nyuma ni swali gani angetamani kuulizwa, kwa sababu kulitaja tu kungeonyesha uzito ambao fimbo ile ingekuja kuwa nao.

Wenye vitabu vinavyoendelea kutoka wanaujua mtego huu. Mtu anadhani siri hulindwa kwa kusema "siwezi kujibu". Jaribu uone. Mtoto wa kwanza anauliza kama mfalme atakufa, unasema hapana. Wa pili anauliza kama joka ni jike, unasema hapana. Wa tatu anauliza kama yule mzee wa kisimani ni ndugu wa malkia, unasema huwezi kujibu. Umeshajibu. Baada ya nusu saa, mwenye daftari zuri anajua kitabu chako kijacho kinahusu nini.

Dawa yake ni kukataa kwa mada, na kukataa mwanzoni. Kabla ya swali la kwanza, sema wazi: leo sitazungumzia nasaba ya mtu yeyote, wala silaha, wala nani atakufa. Siri moja imejificha ndani ya mada tatu, na kila ukikataa unakataa kwa sababu ambayo kila mtu ameshaisikia. Mada zisizidi tatu, la sivyo mazungumzo yatakauka.

Na usidanganye. Jambo hili nimelifikiria sana, kwa sababu wapo wanaoona uongo mdogo wa kulinda mwisho mtamu hauna ubaya. Lakini mtoto uliyemwambia "hapana, hawahusiani" atakapofika sura ya mwisho na kukuta wanahusiana, hatastaajabia ufundi wako. Atakumbuka kwamba alikuuliza uso kwa uso ukamwangalia ukamdanganya. Kwake uliandika hata pale mtandaoni, si kitabuni tu, na kule mtandaoni alikuwa anakuamini kwa namna nyingine.

Siri ikiwa imepangwa inaweza kudokezwa bila kuvuja. Agosti 2004, kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh, Rowling aliwaambia wasomaji kwamba kuna maswali mawili ambayo hajawahi kuulizwa na ambayo wangepaswa kuyatafakari: kwa nini Voldemort hakufa, na kwa nini Dumbledore hakujaribu kumuua. Aliufungua mlango aliouchagua yeye, kwa upana aliouchagua yeye. Maandalizi yake ni dokezo moja au mawili yaliyoandikwa neno kwa neno siku kadhaa kabla, na mtu mmoja aliyesoma mswada akayapitia. Dokezo la kubuni papo hapo ndilo huvujisha.

Jina tu

Mwanzoni mwa kitabu cha tano, kilichotoka 2003, Harry anataja mtoto wa miaka kumi aliyepigwa na genge la binamu yake. Jina lake Mark Evans. Basi.

Lakini Lily, mama yake Harry, kabla ya kuolewa alikuwa Evans.

Wasomaji wakajenga nasaba nzima. Mark ni ndugu aliyefichwa, Mark atakuja Hogwarts, Mark ndiye ufunguo. Mwaka 2004, mwandishi alipowaachia wasomaji wapige kura kuchagua swali la kujibiwa kwenye tovuti yake, wakachagua hilo. Akalazimika kuwaambia kwamba Mark Evans si mtu yeyote. Evans ni jina la kawaida tu Uingereza, na yeye hakuwaza.

Kwetu hatari hii ni kubwa zaidi. Jina la pili la Mswahili kwa kawaida ni la baba. Ukimwita mhusika mmoja Rukia Salim, na sura nane baadaye akapita mvuvi aitwaye Hamisi Salim, kwa msomaji wako hao tayari ni dada na kaka, na baba yao ana siri. Kabla ya mswada kwenda kwa mchapishaji, andika majina yote kwenye safu mbili, jina la kwanza huku na la pili huku, uzitazame safu hizo peke yake bila hadithi. Kazi ya nusu saa.

Na ukiulizwa kuhusu jina ambalo halina kitu ndani yake, jibu mapema. Kunyamaza kwa mwandishi wa fantasia husomwa kama ishara, na kadiri unavyochelewa ndivyo nasaba inavyokua na ndivyo kuibomoa kunavyouma.

Saa moja ina maswali mangapi

Sehemu hii wengi huiruka, kisha wanashangaa mambo yanapoharibika.

Chukua mazungumzo ya maandishi ya dakika 60. Kumi zinaliwa na kufungua na kufunga. Mwandishi anayechapa maneno 40 kwa dakika atatumia dakika moja na nusu kwa jibu la maneno 60, ongeza dakika moja ya kusoma swali na kufikiri. Dakika 50 gawanya kwa mbili na nusu: maswali 20. Kama mwandishi anasema na mwingine anachapa, swali hushuka hadi dakika moja na nusu hivi, unapata thelathini na kitu. Darasa la watoto 45 halitoshei kwenye hesabu hiyo, na wanapaswa kuambiwa hivyo kabla.

Watu wanaohitajika ni watatu ukimwacha mwandishi. Mchujaji anapokea maswali yote na kuyaunganisha yanayofanana. Msimamizi anayaleta mbele ya mwandishi, yasizidi matano kwa wakati mmoja, kwa sababu mwandishi akiona foleni ya maswali sitini huanza kujibu kwa neno mojamoja. Wa tatu anachapa, na anahifadhi nakala ya kila kitu nje ya mtandao.

Sasa, shikamoo. Watoto arobaini wakiingia, kila mmoja ataandika "Shikamoo mwandishi", na malezi yao hayawaruhusu kuuliza kabla hawajaitikiwa. Mwandishi akijaribu kuwaitikia mmojammoja, dakika nane zimekwisha. Akiwapuuza, amewaumiza. Msimamizi aandike mapema: tutamwamkia mwandishi kwa pamoja kupitia kwa kiranja wetu. Kiranja anaamkia, mwandishi anaandika "Marahaba wanangu, hamjambo?" na kazi inaanza.

Jibu linapochapwa, skrini ya mtoto iko kimya, na kimya cha dakika mbili kwake kinamaanisha mtandao umekatika. Anatoka, anaingia tena, anauliza upya, foleni inavurugika. Msimamizi atume mstari mmoja, "jibu la Neema linaandikwa", kila mara. Mwandishi naye avunje jibu refu vipandevipande, sentensi mbili mbili, atume zikiwa bado moto.

Acha nafasi ya swali la pili. Mtoto aliyejibiwa apewe ruhusa ya kuuliza "kwa nini?" mara moja, hata kama itapunguza idadi ya waliofikiwa. Mimi ningechagua watoto kumi na wawili walioulizana na mwandishi kweli kuliko ishirini na tano waliotupiwa jibu. Najua walimu wengi hawatakubaliana nami hapa, na wana hoja, maana wao ndio watakaobaki na wale ambao hawakufikiwa.

Video inavutia, lakini inakula mamia ya megabaiti kwa saa, na bando la shule likiisha katikati, kilichobaki ni sura ya mwandishi iliyoganda mdomo wazi. Maandishi hupita hata kwenye mtandao dhaifu. Weka simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine tayari, chaji imejaa, kwa sababu umeme nao una siku zake. Kubalianeni mapema: tukipotezana zaidi ya dakika kumi, tunarudi kesho saa ileile.

Saa ileile ipi? Andika hivi: saa nane mchana (14:00). Mwandishi aliye ughaibuni akiambiwa "saa mbili" ataelewa yake, na watoto watakaa darasani kwa muda wa saa sita wakimsubiri. London iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto, na saa zao hubadilika Machi na Oktoba. Mwaliko uliotumwa Februari kwa ajili ya Aprili ndio hukosewa zaidi.

Jina la kwanza linatosha

Marekani ilipitisha sheria ya faragha ya watoto mtandaoni mwaka 1998, ikaanza kutumika Aprili 2000, ikilinda walio chini ya miaka 13. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiandaa mazungumzo haya, barua ya ridhaa kwa wazazi ni sehemu ya kazi.

Lakini kosa la kawaida huwa dogo kuliko sheria. Mtu anafungua kundi la WhatsApp, anawaingiza watoto wote na mwandishi, na papo hapo kila aliyemo anaona namba ya simu ya kila mwingine. Namba hizo nyingi ni za akina mama. Afadhali mwalimu mmoja, simu moja au laptopu moja, watoto wameizunguka. Jina la kwanza na umri vinatosha. Jina la ukoo, shule, mtaa na picha visiwemo. Mwandishi asipokee ujumbe wa faragha kutoka kwa mtoto hata kama ni mwandishi mwema kuliko wote, na akiupokea aujibu mbele ya mwalimu.

Mtoto mmoja kati ya wengi atauliza swali lenye kitu kingine ndani yake. Atauliza kama yule mama aliyekufa katika kitabu anaweza kurudi. Mchujaji mzuri hulitambua na kumnong'oneza mwalimu. Mwandishi hajibu kwa kutafsiri maisha ya mtoto. Anajibu kuhusu mama wa kitabuni, polepole, kwa ukweli: harudi, na nilimlilia nilipoandika, kama kweli alimlilia. Mwalimu atamkalia mtoto baadaye.

Watoto wa mwongozo

Kuna jambo ambalo wasomaji wa Ulaya hawana sana, sisi tunalo.

Mweke mwandishi mbele ya darasa la kidato cha pili, na swali la kwanza huwa "dhamira kuu ya kitabu chako ni ipi?" La pili: "taja tamathali za semi ulizotumia." Watoto hawa wana udadisi kama wengine. Wamefundishwa tu kwamba kila swali kuhusu kitabu lina alama zake na jibu lake liko kwenye mwongozo. Vizazi vimesoma *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kila usiku wanachapwa kwa amri ya jini, na tukaulizwa mafunzo yapatikanayo. Nani alituruhusu kuuliza kama nyani yule bado alikuwa anamjua ndugu yake?

Wakati bibi akituhadithia, tulimkatiza. "Paukwa!" "Pakawa!" halafu mara moja: bibi, zimwi liliingiaje na mlango umefungwa? Na bibi alijibu, au alituambia tunyamaze, au alibadilisha hadithi palepale ili mlango uwe wazi. Kwa hiyo mtoto wetu anajua kumkagua msimulizi. Ni kitabu ndicho kimemnyamazisha.

Wiki moja kabla ya mazungumzo, mpe kila mtoto kipande cha karatasi chenye mistari miwili tu: *ukurasa wa ngapi?* na *ni nini kilikusumbua hapo?* Neno "kilikusumbua" ndilo lenye kazi. Ukiandika "ulichojifunza" umewarudisha kwenye mtihani. Karatasi zikusanywe bila kusahihishwa tahajia.

Wazo la mtoto

Mtoto aliyechangamka hatakuuliza, atakupangia: "Kitabu kijacho, yule pacha afufuke awe adui." Ni zawadi, na ni mtego.

Miaka ya 1990, J. Michael Straczynski, aliyeandika tamthilia ya televisheni *Babylon 5*, alikuwa akizungumza na watazamaji wake mtandaoni. Mmoja akaandika wazo lililofanana mno na kipindi alichokuwa nacho tayari. Ilibidi akiweke kando mpaka yule shabiki aliposaini karatasi ya kuthibitisha yaliyotokea.

Kwa hiyo mchujaji ayatoe mawazo ya hadithi kwenye foleni kabla hayajamfikia mwandishi. Lakini mtoto asinyimwe jibu. Aandikiwe: hilo ni lako, usinipe, liandike wewe. Na aambiwe aanze wapi: ukurasa mmoja, siku ile pacha anafumbua macho, nani wa kwanza kumwona.

Lile jibu la nne

Nilisema majibu yana vyanzo vitatu. Kuna la nne, nalo ndilo nadhani swali la kurasa hamsini limekuwa likinielekeza.

Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, fimbo ya Voldemort inatapika vivuli vya aliowaua, wa mwisho akitangulia. Lily aliuawa baada ya James, baba yake Harry, kwa hiyo kivuli chake kilipaswa kutangulia. Katika chapa za kwanza James ndiye aliyetoka kabla yake. Wasomaji waliliona, wakatunga nadharia za kulieleza, na katika chapa zilizofuata mpangilio ukageuzwa. Lilikuwa kosa.

"Umelishika. Nimekosea."

Mwandishi akishaliandika hilo mbele ya watoto, kazi iliyobaki ni ya siku hiyohiyo. Mchapishaji anahitaji vitu vitatu tu: namba ya ukurasa, mstari ulivyo, na mstari utakavyokuwa. Vitumwe kabla kitabu hakijaenda tena mitamboni, maana kikishachapwa utasubiri miaka. Na mwalimu apelekewe nakala ya barua hiyo, aibandike ukutani darasani, yenye jina la kwanza la mtoto aliyeliona kosa, kama mzazi wake ameridhia.